Daraja Lisilo na Rangi

Tulipomzika kaka yangu Kyalo, aliyesoma wasifu wake aliutaja mguu kwa sentensi moja tu. Alisema marehemu alipata ajali akiwa kijana, akakatwa mguu, akaendelea na maisha. Kisha akaingia kwenye ndoa, watoto, duka la vipuri vya baiskeli na kwaya ya kanisa. Watu waliokaa chini ya turubai waliitikia kwa vichwa, na mimi nikahisi kama kuna kitu kimerukwa mbele ya macho yangu na hakuna aliyeona. Sentensi ile haikuwa ya uongo. Ila kati ya “alipata ajali” na “akakatwa mguu” kulikuwa na miezi mingi, na miezi hiyo niliiishi pamoja naye, na sidhani kuna mwaka mwingine ulionigeuza kama ule. Habari za wazazi wetu na jinsi tulivyolelewa nitaziacha. Nataka kueleza vyumba viwili, kimoja Kitui mjini na kingine wodi ya hospitali upande wa Makueni, na mchezo mmoja wa gemu uliokuwepo katika vyumba vyote viwili, ila haukuwa sawa.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sina pa kwenda, na Bi Rukia akanichukua nihudumie wateja katika hoteli yake karibu na soko la Kitui, nikilala kwenye chumba cha uani. Bi Rukia alikuwa mjane mnene, mwenye sauti ya upole na macho yasiyokosa kitu. Wazee wake walitoka pwani zamani wakaja na biashara, yeye akazaliwa papo hapo Kitui, kwa hiyo alizungumza Kikamba kama sisi na Kiswahili kama watu wa kwao. Asubuhi tulikaanga mahamri, mchana tulipika muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa na ndengu, na jioni hoteli ilijaa harufu ya chai ya tangawizi na jasho la watu wa sokoni. Nyuma, mkabala na jiko, kulikuwa na chumba kidogo chenye mabenchi mawili na televisheni iliyofungwa kwa waya kwenye rafu isije ikaibwa. Chini yake palikuwa na mashine ya gemu ambayo mpwa wake alimletea kutoka Mombasa, na ndani ya mashine hiyo mlikuwa na kaseti moja iliyopendwa kuliko zote.

Maandishi yake ya mwanzo yalikuwa ya lugha ambayo hakuna aliyeijua, basi vijana waliuita mchezo huo Kofia, kwa sababu ya kile kijana kifupi chenye kofia kilichotembea kutoka kushoto kwenda kulia kikiruka mashimo na kupanda milima. Kyalo ndiye aliyekuwa bingwa. Alikuwa mpakiaji wa lori, mrefu, mwenye mabega ya kubeba gunia huku akipiga mluzi, na kila lori lake lilipolala Kitui alikuja moja kwa moja kwenye lile benchi. Mimi nilikuwa nikipita na sinia tu. Nilisikia kelele, “Ruka! Ruka, bwana!”, na kile kimuziki kilichojirudia mpaka nikakiota. Sikuwahi kukishika kile kidude cha kuchezea. Kwa macho yangu ulikuwa ni upuuzi wa wanaume wenye nafasi.

Mvua za mwaka ule zilipoharibu barabara, lori la kina Kyalo lilisimama Kambu, kule Makueni, kushusha magunia. Lilikuwa limeegeshwa kwenye matope, likateleza nyuma na kumbana Kyalo mguu wa kushoto kwenye ukuta wa ghala. Mfupa ulivunjika sehemu kadhaa. Ulifungwa, ukakataa kushika, na kidonda kilichokuwa juu yake kikaanza kutoa usaha usiokauka. Nilipata ruhusa ya kwenda kumwona kila baada ya wiki chache, nikipita Mutomo na Ikutha hadi Kibwezi, mgongo ukiuma, chakula kimefungwa kwenye kitambaa mapajani. Wodi ilikuwa ndefu, ya kuta za kijani hafifu, na kitanda chake kilikuwa dirishani. Mwanzoni nilidhani wamemweka pale kwa kumpendelea. Baadaye nilielewa ni kwa ajili ya hewa. Harufu ya kile kidonda ilinikuta mlangoni, tamu na nzito, na wagonjwa wa vitanda vya karibu walilala wakiwa wamegeukia upande mwingine.

Ilikuwa safari yangu ya tatu, au ya nne, daktari aliponiita koridoni. Alikuwa mtu mpole, kijana bado, akifutafuta miwani yake alipokuwa anazungumza. “Mfupa umeoza kuanzia kifundo,” aliniambia. “Tukikata sasa, tutakata chini ya goti, na mtu mwenye goti lake anaweza kutembea vizuri na mguu wa bandia. Ugonjwa ukipanda siwezi kukuahidi goti. Ukipanda zaidi, siwezi kukuahidi yeye. Lakini ni mtu mzima. Bila sahihi yake siwezi kumgusa. Nimemwambia mara nyingi. Zungumza naye wewe.”

Nilirudi ndani. Kyalo alikuwa ameketi, mito mgongoni, mikononi ameshika kitu cha kijivu chenye ukubwa wa tofali dogo, chenye kioo na vitufe. Dereva mmoja wa lori kutoka Mombasa, aliyevunjika bega na kulazwa kitanda cha jirani, alimwachia alipopewa ruhusa ya kwenda nyumbani. Kyalo alinionyesha kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu ajali.

“Tazama, mwiitu wa mwaitu, dada yangu. Ni Kofia! Ni yule yule!”

Nikatazama. Kweli alikuwa yule yule, ila amekuwa mdogo kama mbegu, na kila kitu kilichomzunguka kilikuwa na rangi ya majivu juu ya kioo cha kijanikijani. “Daktari ameongea na mimi,” nikasema.

“Najua. Kila mtu anaongea na daktari.” Hakuinua macho. “Sikia. Huku kuna daraja baada ya mlima wa pili. Kwa Bi Rukia liko baada ya mlima wa tatu, na pale nilikuwa navuka vizuri tu. Hapa siwezi. Kila mara naanguka. Nimeanguka mpaka nimechoka.”

“Kyalo, mguu.”

“Nikivuka hili daraja nitaweka sahihi,” akasema. “Mwambie daktari hivyo. Nimeapa.”

Nilidhani anatania. Nilimtazama usoni, mashavu yamebonyea na jicho likiwaka homa, nikaona hatanii. Nimekuwa nikijiuliza maisha yangu yote kwa nini alichagua kitu kile. Watu wengine wangesema nisubirini mvua zinyeshe, au nisubirini mama mdogo aje. Nadhani alitaka kuwa na jambo moja lililokuwa mikononi mwake, kwa sababu mengine yote yalikuwa mikononi mwa watu waliokuja na sinia za chuma. Wakati ule sikufikiri hayo. Nilikasirika. Nilimwambia ni mjinga, akaniambia niende nimwulize yeyote kwa Bi Rukia daraja lile linavukwaje, kwa kuwa amesahau. Nikiwa njiani kutoka niliwasikia wauguzi wawili wakinywa chai nyuma ya pazia. “Yule wa dirishani anangoja nini?” mmoja aliuliza. Mwingine, ambaye sauti yake niliijua, Sista Mbithe, akajibu, “Anacheza gemu. Mwache acheze. Siku akiacha kucheza ndiyo uogope.”

Vijana wa Kitui hawakunisaidia. Kila mmoja alinieleza daraja kwa mikono na kelele, na hakuna maelezo mawili yaliyofanana. Basi nikaamua kucheza mwenyewe. Kati ya chai ya saa nne na chakula cha mchana hoteli ilikuwa tulivu, na Bi Rukia, nilipomweleza sababu, alizima redio, akafuta mikono kwenye kanga, akaniwashia televisheni mwenyewe. “Keti,” alisema. “Vyombo nitaosha mimi. Mwanamke kucheza gemu si ajabu kuliko mwanamume kuufia mguu.” Nilianguka kwenye shimo la kwanza siku nzima. Vijana walichungulia mlangoni wakacheka. Baada ya wiki kadhaa nilifika darajani, na nikaona jambo ambalo wote walikuwa wamesahau kunitajia kwa kuwa kwao lilikuwa wazi mno: mbao nzuri za daraja zilikuwa za kahawia, na mbovu zilikuwa nyekundu. Unaruka nyekundu, unakanyaga kahawia, umevuka. Nilivuka mara ya kwanza huku nimeuma mdomo, na nilitaka kupiga kelele, lakini nikakumbuka aliyekuwa akisubiri.

Nilisafiri Jumamosi iliyofuata nikiwa na mahamri na jibu. Nilipomwambia, alishusha kile kitu mapajani.

“Nyekundu,” akasema.

“Nyekundu ni mbovu.”

Akanigeuzia kile kioo. “Nionyeshe nyekundu.”

Hakukuwa na nyekundu. Mbao zote zilikuwa za kijivu, zimepangwa mstari mmoja kama meno. Aliyetengeneza mchezo kwa ajili ya televisheni alitumia rangi kumwonya mchezaji, na aliyeuhamishia kwenye kile kitu kidogo alichukua daraja akaacha rangi. Niliinama nikatazama kwa karibu mpaka pua ikagusa kioo, nikitafuta ufa, msumari, chochote. Kyalo akasema kwa sauti ya chini, ya hatari, “Umetumwa na daktari.”

“Nimetumwa na nani? Nimekuwa nikicheza huo ujinga wako wiki kadhaa!”

“Umetumwa uniambie maneno ya haraka haraka niweke sahihi. Kila mtu hapa ananiharakisha.”

Mzee wa kitanda cha pili akajifunika shuka hadi kichwani. Nilitaka kumpiga ndugu yangu, mgonjwa, kitandani. Badala yake nilichukua mahamri nikayagawa kwa wodi nzima isipokuwa yeye, nikaondoka bila kuaga. Ndani ya basi nililia kwa hasira, kisha hasira ikaisha nikabaki nikihesabu mbao kichwani.

Niliporudi Kitui nilikariri mpangilio wa mbao: nzuri, nzuri, mbovu, nzuri, mbovu, mbovu. Niliusema nikikanda unga, niliusema nikifagia. Safari iliyofuata Kyalo alikuwa amepoa, akaniomba radhi bila kunitazama, akafuata mpangilio wangu neno kwa neno, na akaanguka kwenye ubao wa tatu. Tukajaribu tena, akaanguka. Ndipo tukaanza kulinganisha kweli, yeye na kile kioo chake, mimi na kumbukumbu yangu, tukiita kimoja “kwangu” na kingine “kwenu”, kana kwamba tunazungumza juu ya mashamba mawili.

“Kwenu kuna nyani kwenye mlima wa kwanza?”

“Wako wengi. Wanatupa mawe.”

“Kwangu ni ndege. Nyani hakuna. Na kule mbele unaona shimo kabla hujafika?”

“Naona. Televisheni ni pana.”

“Kwangu sioni mpaka niwe juu yake.” Alicheka kidogo, kicheko cha kwanza, kikamalizikia kwenye kikohozi. “Na daraja lenu ni refu?”

“Ni refu.”

“Langu ni fupi. Kwa hiyo mbao zako si zangu.”

Niliona jinsi alivyosema hayo bila hasira, na hilo lilinitisha kuliko ugomvi. Alikuwa amekonda. Bandeji ilikuwa imepanda. Siku hiyo Shangazi Syombua alikuwa amekuja kutoka Kilungu na wenzake wa kanisani, wamebeba machungwa, wakasimama kuzunguka kitanda na kuomba kwa sauti hadi wodi yote ikaitikia amina. Shangazi alikuwa mwanamke wa imani ngumu, na nilimpenda, lakini alipoweka mkono juu ya shuka na kusema, “Mungu hakukuumba nusu, mwanangu, hatakurudisha nyumbani nusu,” niliona Kyalo akilishika neno hilo kama kamba. Sasa alikuwa na sababu mbili za kusubiri. Daktari alipita, akasimama mlangoni, akasikiliza maombi hadi mwisho kwa heshima, akaondoka. Koridoni nilimfuata. “Bado chini ya goti?” nikamwuliza. Alivua miwani. “Wiki iliyopita ningekujibu haraka zaidi,” akasema.

Baridi ya Julai ilikuja, ile ya mawingu yanayokaa juu ya Ukambani siku baada ya siku bila kunyesha. Nilicheza sasa kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka gizani. Nilijua rangi hazitanisaidia, kwa hiyo nilianza kucheza nikijifanya sizioni. Nilisogeza benchi mbali, nikakunja macho mpaka kila kitu kikawa ukungu. Vijana waliacha kucheka. Mmoja wao, fundi wa baiskeli, alianza kuketi nyuma yangu kimya, na nikianguka alisema tu, “Tena.” Bi Rukia aliniletea chai bila kuitwa. Asubuhi moja, nikiwa nimesimama kwenye ubao mzuri naogopa kusonga, kidole changu kilibonyeza chini kwa bahati mbaya. Kile kijana kikachutama na kugonga ubao uliokuwa mbele yake kwa ngumi. Sauti ikatoka: ko. Sikuwahi kuisikia. Siku zote redio ya hoteli ilikuwa ikilia, au watu walikuwa wakipiga kelele, na isitoshe nani agonge mbao wakati rangi anaziona? Nikaruka, nikasimama mbele ya ubao mwekundu, nikabonyeza chini. Sauti ikatoka nyingine, nyembamba, kama kijiko juu ya bati. Niligonga tena. Nikagonga ule wa kahawia, nikagonga ule mwekundu. Fundi wa baiskeli alisimama.

“Hiyo inafanya nini?” akauliza.

“Inaongea,” nikasema.

Sikusubiri Jumamosi. Bi Rukia alinifungia chakula kwenye sufuria na kunisukuma mlangoni. Nilichonunua njiani ni mawe mapya, kama tulivyoziita betri, kwa sababu nilijua Kyalo huzima sauti ili mawe yadumu na wagonjwa wasisumbuke. Njia nzima niliogopa vitu viwili. Niliogopa kwamba yule aliyeacha rangi ameacha na sauti pia. Na niliogopa kwamba nitamkuta ameacha kucheza.

Nilimkuta ameacha kucheza. Kile kitu kilikuwa juu ya blanketi karibu na mkono wake, na mkono wenyewe ulikuwa umelegea. Shangazi Syombua alikuwa ameketi kwenye kiti, machungwa yake bado kwenye kikapu, uso wake umebadilika. Alikuwa amekaa pale tangu juzi. Sista Mbithe alikuwa akimfuta Kyalo kichwa kwa kitambaa chenye maji, akaniangalia kwa jicho linalosema kila kitu. Nilipiga magoti. Nilimwita. Alifungua macho taratibu, akanijua.

“Kwenu kunaendaje?” akanong’ona.

“Nina kitu. Washa sauti.”

“Mawe yamekwisha.”

Nilibadilisha mawe. Nikafungua sauti yote. Kile kimuziki kikalia wodini, chembamba kuliko cha Kitui, chenye haraka zaidi, na watu wakageuka. Hakuna aliyelalamika. Alianza mlima wa kwanza kwa mikono inayotetemeka, na nilidhani hatafika. Alikosea, akaanza upya, akapumzika na kufumba macho, akarudia. Sista aliacha kitambaa. Shangazi hakujua tunafanya nini, lakini aliona nyuso zetu, akainuka akasimama nyuma yangu. Kyalo aliwapita ndege. Akapita mlima wa pili. Akafika mwanzo wa daraja, akasimama.

“Bonyeza chini,” nikasema. “Atagonga. Sikiliza.”

Akabonyeza. Kile kijana cha majivu kikachutama, kikagonga. Ko.

Akasonga ubao mmoja, akabonyeza. Ko. Akasonga. Akabonyeza, na safari hii ikatoka ile sauti ya bati. Kyalo alinitazama. Macho yake yalijaa maji ghafla, kama ya mtoto. Akaruka ule ubao, akatua upande wa pili, na hakuanguka. Akagonga, akasonga, akagonga, akaruka, mpaka akawa katikati ya daraja, mahali ambapo hakuwahi kufika kwa miezi yote ile. Ng’ambo ilionekana, ukingo mdogo wenye mti mmoja. Zilibaki mbao chache tu.

Akaweka mashine juu ya blanketi.

“Maliza,” nikamwambia. “Kyalo, umefika. Maliza!”

“Linavukika,” akasema. Alipumua mara kadhaa kabla ya kuendelea. “Nilifikiri limetengenezwa vibaya, halivukiki. Basi. Mwite daktari.”

Sista Mbithe alikuwa tayari ameshaondoka, viatu vyake vikilia koridoni. Shangazi akashika nguzo ya kitanda. Niligeuka nikimwogopa, nikijua neno lake moja lingeweza kumrudisha Kyalo nyuma, na Kyalo pia alikuwa akimtazama. Shangazi alimnyooshea shuka hadi nikasikia sauti ya daktari ikija. Kisha akasema, “Mimi niliomba apone. Sikumwambia Mungu apitie wapi.” Akamshika mkono wakati anaweka sahihi, kwa sababu kalamu ilikuwa ikimponyoka.

Walimpeleka chumba cha upasuaji asubuhi iliyofuata. Tuliketi kwenye benchi nje, mimi na Shangazi, machungwa kati yetu, hakuna aliyemenya hata moja. Daktari alipotoka sikuhitaji aseme. Alionyesha kwa ukingo wa kiganja kwenye paja lake mwenyewe, juu ya goti. “Lakini yeye yupo,” akasema, na akasimama hapo pamoja nasi kwa muda, kama mtu aliyekuwa na kazi nyingine na hakutaka kwenda kuifanya.

Kyalo alipopata fahamu vizuri, alipapasa shuka hadi akajua. Niliona mkono ukishuka, ukitafuta goti, ukakosa. Aligeuza uso dirishani. Kisha akasema, bila kunitazama, “Goti nililiacha mimi. Usije ukalibeba.” Hatukulizungumzia tena, si siku hiyo wala miaka yote iliyofuata. Mashine ilikuwa imezimika yenyewe juu ya kabati. Hakuiwasha. Alimpa Sista aipeleke wodi ya watoto.

Sasa watu wangependa nimalizie hapo, na pengine ndiyo sababu yule msomaji wa wasifu alitosheka na sentensi moja. Lakini sehemu iliyoniogopesha zaidi ilikuja baadaye. Bi Rukia alikubali Kyalo akae kwake mpaka apate nguvu, kwenye chumba cha stoo upande wa pili wa uwanja. Alifika na magongo mawili ya mbao na ulimi mkali. Hakutaka kuonekana na wateja. Alikaa kitandani mlango ukiwa wazi nusu, akiita. Mwikali, maji. Mwikali, chai. Mwikali, hii chai imepoa. Nilikimbia kila alipoita. Nilifurahi kukimbia, nilikuwa nimekaribia kumpoteza, na kumpelekea kikombe kulikuwa kama kumrudisha tena kila siku. Magongo yalikaa ukutani yakishika vumbi. Hasira yake iliongezeka, na mimi nilizidi kukimbia, hadi siku moja Bi Rukia akanishika mkono nikiwa na kikombe mkononi.

“Usimpelekee,” akasema.

“Bi Rukia, ana kiu.”

“Kiu haijamuua mtu aliye hatua chache kutoka kwenye birika. Unamwua wewe. Weka hapo.”

Niliweka kikombe kwenye meza ya nje, ile tuliyochambulia ndengu. Kyalo akaita. Sikujibu. Akaita tena, sauti ikapanda, na wateja wakanyamaza ndani. Aliniita jina kamili. Alisema kwamba sina moyo. Nilisimama pale uani, mikono nimeificha ndani ya aproni, nikasema kwa sauti ambayo sikuitambua, “Chai iko mezani. Njoo uichukue.”

Kisha nikasikia kitu kikianguka ndani, gongo, na tusi. Nilipiga hatua moja, na Bi Rukia akanikazia jicho. Kulikuwa na mkwaruzo, pumzi, mbao zikigonga sakafu. Alitokea mlangoni akiwa amekunja uso, jasho limemtoka, mguu wa suruali umekunjwa na kufungwa kwa pini. Alisimama akiutazama uwanja kama mtu anayetazama mto. Kisha akaja. Mara moja gongo liliteleza kwenye maganda ya ndizi na nikafumba macho, na nilipofumbua alikuwa bado amesimama. Alifika mezani, akaegemea, akanitukana kwa Kikamba tusi ambalo sitaliandika, akachukua kikombe na kunywa akiwa wima.

“Sukari haitoshi,” akasema.

Nikamwambia sukari iko jikoni.